Kupaa Mapema na Kupanda Vizuri kwa Ndege ya Kujiundia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa watu walioziunda ndege zao wenyewe, zikaruka salama, lakini zikawa nzito kuondoka ardhini na goigoi kwenye kupanda. Majibu yanahusu ndege nyepesi zenye injini moja ya pistoni. Kupaa hapa ni tangu magurudumu yaanze kubingirika hadi ndege ivuke mita 15 juu ya ardhi. Kupanda ni yote yanayofuata.

Ndege yangu inapanda kwa shida. Nitafute injini kubwa zaidi?

Bado. Kwanza jua nguvu ulizonazo zinakwenda wapi. Kinachoipandisha ndege ni ziada, yaani nguvu zinazobaki baada ya kulipia gharama ya kukaa angani. Chukua ndege ya kilo 500 yenye injini ya nguvu farasi 80. Ikiwa propela inafanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70 wakati wa kupanda, zinazoifikia hewa ni 56. Tuseme kuruka sawasawa bila kupanda, kwa kasi hiyohiyo, kunakula 39. Zinabaki 17, na hizo ndizo zinazoinua kilo 500 kwa takriban futi 500 kila dakika.

Sasa propela ile iboreshwe kutoka asilimia 70 hadi 75. Ziada inatoka 17 hadi 21, na ndege inapanda futi 630 hivi kwa dakika. Injini ni ileile, mafuta ni yaleyale, ila kupanda kumeongezeka kwa karibu robo. Hesabu hiyo hukata pande zote mbili: kasoro ndogo tatu au nne, ambazo kila moja peke yake hazitishi, zikikutana zinamaliza ziada yote.

Kwa hiyo ningefuata mpangilio huu: kupima, kisha uzito, kisha afya ya injini, kisha propela, na bawa mwisho kabisa. Wengi huanza na bawa kwa sababu vibati vyake vya kuchanganya hewa hubandikwa jioni moja tu.

Nipimeje ili nijue kweli ndege imebadilika?

Kupaa ni rahisi kupima. Weka alama zinazoonekana pembezoni mwa njia ya kurukia kila baada ya mita 25, mwenzako asimame pembeni akirekodi video, na uandike uzito wa siku hiyo, joto, upepo na hali ya ardhi. Paa mara kadhaa kwa namna ileile, uchukue wastani. Siku ya upepo mkali usipime; makosa yatakuwa makubwa kuliko mabadiliko unayoyatafuta.

Kupanda kunataka subira kidogo. Nenda juu palipo na hewa tulivu, fungua throtoli (mkono wa kuongeza nguvu za injini) yote, shikilia kasi moja bila kuyumba, kisha pima sekunde zinazopita kati ya kimo cha futi 1,500 na futi 2,500. Shuka, rudia kwa kasi nyingine: noti (maili za baharini kwa saa) 50, 55, 60, 65, na kuendelea. Ruka ukikatisha upepo, na kila kasi uipime mara mbili kwa pande mbili zinazopingana. Ukichora namba hizo kwenye karatasi utapata mstari uliopinda kama kilima. Kilele chake ndicho Vy, kasi inayokupa futi nyingi zaidi kwa dakika. Mstari mnyoofu kutoka sifuri ya karatasi unaougusa mpindo huo bila kuukata unakuonyesha Vx, kasi inayokupa mwinuko mkali zaidi kwa umbali.

Usishangae ukigundua kwamba umekuwa ukipanda kwa kasi isiyo yako. Namba iliyoandikwa na mbunifu ni ya ndege yake, na kipimakasi chako huenda kinasoma kivyake. Kuna ndege ambazo zimeongeza futi 100 kwa dakika bila kuguswa hata skrubu moja, kwa sababu tu rubani aliijua kasi sahihi.

Kupunguza kilo chache kuna maana yoyote?

Kuna maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uzito unakuumiza mara mbili. Unainua mzigo mkubwa zaidi kwa ziada uliyonayo, na wakati huohuo bawa linalobeba zaidi linaongeza ukinzani, hivyo ziada yenyewe inapungua. Kwenye mfano wetu wa kilo 500, ukitoa kilo 25, kupanda kunasogea kutoka futi 500 hivi hadi karibu 600. Kwa upande wa kupaa, kanuni wanayoitumia marubani wengi ni kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kupaa unaongezeka kwa asilimia 20.

Ipime ndege upya kwa mizani mitatu, moja chini ya kila gurudumu, ikiwa imesawazishwa kama inavyokaa angani. Usiamini karatasi ya zamani. Ndege za kujiundia hunenepa taratibu: rangi tabaka la pili, resini nyingi mno kwenye vitambaa vya faiba, viti vyenye sponji nene, betri ya gari pale ambapo betri ndogo ya lithiamu ingetosha, vifaa vya redio vilivyokufa ambavyo bado vimefungwa nyuma ya dashibodi pamoja na nyaya zake. Kisanduku cha zana kinachosafiri kila safari nacho kina kilo zake. Na mafuta: kama safari ni ya dakika 40, tangi lililojaa pomoni ni mzigo. Weka ya safari na akiba ya kutosha ya usalama. Akiba hiyo usiiguse.

Kitu kimoja tu usikipunguzie uzito: muundo unaobeba mabawa, mkia na injini.

Nitajuaje kama injini inatoa nguvu zake zote?

Anza na jambo linalochukua dakika mbili. Fungua boneti, mwenzako akae kwenye kiti na asukume throtoli hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa na swichi zote zimefungwa. Wewe angalia kabureta. Kidole chake, yaani kile kinachovutwa na waya wa throtoli, kimegusa kizuizi cha mwisho? Mara nyingi utakuta kimebakiza milimita chache. Mkono wa rubani umefika ukutani lakini waya haujafika, ama umelegea, ama kava lake linajikunja kabla ya kuvuta. Kwenye injini yenye kabureta mbili kagua zote, maana moja ikifunguka pungufu unapata mtikisiko pamoja na upungufu wa nguvu.

Jambo la pili ni joto la hewa inayoingia. Kabureta inayovuta hewa kutoka ndani ya boneti inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na silinda. Hewa yenye joto la nyuzi 45 badala ya 15 inapunguza nguvu kwa takriban asilimia 5. Rudi kwenye mfano wa mwanzo: asilimia 5 ya injini ni nguvu farasi 4, na baada ya propela karibu 3 zinatoka moja kwa moja kwenye zile 17 za ziada. Mrija wa kuleta hewa baridi kutoka nje ni miongoni mwa marekebisho yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Kagua pia kilango cha hewa moto ya kuzuia barafu kwenye kabureta. Kisipofunga vizuri, kinavujisha hewa moto muda wote.

Kisha pima mgandamizo wa silinda, kagua wakati wa kuwasha cheche, na usome plagi. Nyeusi yenye masizi inakwambia mafuta ni mengi kupita hewa. Nyeupe kavu inakwambia kinyume chake, na hiyo ni hatari zaidi kwa pistoni.

Mwisho, na hili ni la usalama kabla ya kuwa la ufanisi: pima mtiririko wa mafuta ndege ikiwa imeinuliwa pua kwa pembe ya kupanda, au zaidi kidogo. Mfumo unaotegemea mteremko peke yake unatakiwa utoe asilimia 150 ya matumizi ya injini kwa nguvu zote. Wenye pampu, asilimia 125. Injini ya Rotax 912 ULS hutumia takriban lita 27 kwa saa ikiwa imefunguliwa yote, kwa hiyo unatafuta lita 40 na ushei bila pampu, au 34 hivi kwa pampu. Mfumo unaopita mtihani ndege ikiwa imelala sawa unaweza kushindwa pua ikiinuka, kwa sababu tangi limeshuka na kabureta imepanda. Ukiboresha kupanda, pembe inakuwa kali zaidi, hivyo kipimo hiki rudia.

Propela yangu inafaa?

Hapa ndipo penye utajiri, hasa kwa propela isiyobadilika pembe. Propela ni kama gia ya baiskeli: pembe kubwa ni gia nzito ya tambarare, pembe ndogo ni gia nyepesi ya mlima. Ndege nyingi za kujiundia zimefungwa gia ya tambarare, kwa kuwa kila mtu anapenda kutaja kasi ya safari.

Ushahidi uko kwenye mizunguko. Rotax 912 ULS hutoa nguvu farasi 100 ikifika mizunguko 5,800 kwa dakika, na inaruhusiwa kukaa hapo dakika 5 tu. Kuendelea bila kikomo ni 5,500. Kama unapaa na kupanda huku kipimo kinasoma 4,900, huna injini ya farasi 100. Umeinunua, umeibeba, ila propela haikuruhusu uitumie.

Kwa propela inayorekebishwa ardhini, utaratibu ni huu. Hakikisha kwanza kipima mizunguko chenyewe hakidanganyi. Kifaa kidogo cha kupimia kwa mwanga kinatosha. Punguza pembe nusu digrii tu, mapanga yote sawasawa kabisa, kwa kipimo kilichowekwa sehemu ileile ya kila panga. Panga moja likitofautiana na wenzake hata kwa sehemu ndogo ya digrii, utasikia mtikisiko. Kaza boliti kwa kani aliyoandika mtengenezaji, ruka, pima, rudia. Unachotafuta ni injini ikaribie mizunguko yake ya kudumu unapopanda kwa Vy, na ikiruka sawasawa throtoli ikiwa wazi yote isivuke kikomo. Ukienda mbali mno upande wa pembe ndogo, injini itazidisha mizunguko mara tu pua inapoinama, na utakuwa mtumwa wa throtoli safari nzima.

Utapoteza noti kadhaa za kasi ya safari. Kwa anayeruka kutoka njia fupi yenye miti mwishoni, mimi naona hiyo ni biashara nzuri bila kusita.

Propela ndefu zaidi je? Na mapanga matatu?

Urefu unasaidia kwelikweli kwenye kasi ndogo. Kusukuma hewa nyingi polepole kunatoa msukumo mkubwa kuliko kusukuma hewa kidogo kwa haraka, nguvu zikiwa zilezile. Kinadharia, kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10, msukumo ndege ikiwa imesimama huongezeka kwa asilimia 6 hadi 7. Ndiyo maana injini yenye gia ya kupunguza mizunguko, kama Rotax, hupaa vizuri kuliko injini ya Volkswagen ya nguvu zinazokaribiana inayozungusha propela fupi moja kwa moja.

Mipaka ni miwili: nafasi kati ya ncha na ardhi, ukihesabu tairi lililopungua upepo na springi iliyobonyea, na kasi ya ncha yenyewe. Ncha ikikaribia kasi ya sauti, ufanisi unashuka na kelele zinapanda. Mapanga matatu hayana ajabu yoyote kwenye kupanda. Faida yake ni ulaini, na kutumia nguvu zote pale ambapo kipenyo hakiwezi kuongezwa.

Propela inayobadilika pembe angani?

Inafanya kazi vizuri sana, na inakupa vyote viwili, kupanda na safari. Lakini ina uzito puani, ina matunzo, na ni mkono mmoja zaidi wa kukumbuka. Ndege ya haraka inafaidika zaidi. Ndege ya polepole inapata karibu yote kwa propela ya kupandia iliyorekebishwa vizuri.

Vibati vya bawa na slati vinasaidia kupanda?

Vinasaidia kupaa zaidi kuliko kupanda. Vibati vidogo vinavyobandikwa karibu na ukingo wa mbele wa bawa huchanganya hewa iliyochoka iliyo juu ya ngozi na hewa yenye nguvu iliyo juu yake, hivyo bawa linaendelea kubeba kwa pembe kali zaidi na kasi ya stoli, yaani ile ambayo chini yake bawa haliwezi tena kuibeba ndege, inashuka. Umbali wa kubingirika unafuata kasi kwa mraba: ukiweza kuondoka ardhini kwa kasi iliyo chini kwa asilimia 10, unapunguza karibu asilimia 19 ya mbio. Hiyo si haba.

Ila vibati haviongezi nguvu hata chembe. Ndege inayoning'inia kwa pembe kali na kasi ndogo ina ukinzani mkubwa, na ziada inaweza kupotea kabisa: magurudumu yameondoka ardhini lakini ndege haipandi. Slati, yaani vibawa vyembamba vilivyowekwa mbele ya ukingo wa bawa kwa kuacha upenyo, zikiwa zisizobadilika kama zile za ndege ya Zenith STOL CH 701 iliyobuniwa na Chris Heintz, huleta mwinuko mkubwa na ukinzani mkubwa kwa pamoja. Kuna wamiliki walioziondoa wakaweka vibati na kupata safari ya haraka zaidi. Usifanye hivyo kwa kuiga. Bawa lililobuniwa likiwa na slati linaweza kustoli kwa tabia tofauti bila slati, na ukweli huo unautafuta juu sana, ukiwa na nafasi ya kujitoa.

Kurefusha bawa ni dawa ya kweli ya kupanda, kwa kuwa ukinzani unaotokana na kubeba uzito hupungua kwa mraba wa urefu kutoka ncha hadi ncha. Lakini kila sentimita ya nje inaongeza nguvu inayolipinda bawa kwenye mzizi wake. Hilo ni la mbunifu au mhandisi, si la gundi na msumeno.

Nyufa na matundu madogo yana athari?

Yana athari hasa wakati wa kupanda, bawa likiwa na shinikizo kubwa chini na dogo juu. Ufa kati ya bawa na kiwiliwili, au kwenye bawaba za eleroni (sehemu za nyuma ya bawa zinazoilaza ndege upande), unavujisha hewa kutoka chini kwenda juu na kuharibu mtiririko mahali muhimu. Ziba kwa mkanda au kitambaa laini, kisha sogeza usukani hadi mwisho wa kila upande kuhakikisha hakuna kinachokwama wala kunasa. Bandika vipande vya uzi juu ya bawa, ruka, piga picha: uzi unaochezacheza au kugeukia mbele unakuonyesha palipo na ugonjwa.

Flapu kiasi gani wakati wa kupaa?

Flapu ni sehemu za nyuma ya bawa zinazoshushwa. Kidogo, mara nyingi nyuzi 10 hadi 15. Zaidi ya hapo unaongeza ukinzani kuliko unavyoongeza mwinuko. Pima kwa ndege yako.

Magurudumu yanahusika?

Sana, kwenye nyasi. Ndege ya kilo 500 ikibingirika juu ya lami hukokotwa nyuma kwa takriban kilo 10. Kwenye nyasi fupi ni 25. Kwenye nyasi ndefu inaweza kufika 50, na zote zinatolewa kwenye msukumo wako. Tairi kubwa linazama kidogo. Inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono: lizunguke huru, breki isikwaruze. Kagua kama magurudumu makuu yanaelekea mbele sawasawa, maana lililogeuka linaburuta mbio nzima.

Nisogeze kitovu cha uzito nyuma?

Kikiwa mbele sana, mkia unasukuma chini na bawa linabeba mzigo wa ziada, hivyo kukirudisha katikati ya mipaka kunasaidia. Kuvuka mpaka wa nyuma, hapana kabisa. Ndege ya namna hiyo inaweza isitoke kwenye mzunguko wa stoli, yaani kuanguka huku ikizunguka.

Mbona siku za joto ndege inakuwa nyingine?

Kwa sababu hewa imekuwa nyepesi, na inakupunguzia injini, propela na bawa kwa pamoja. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za kimo. Kwa umbali wa kupaa, hesabu asilimia 10 kwa kila futi 1,000, 10 nyingine kwa kila nyuzi 10 za joto la ziada, na 20 kwa nyasi kavu fupi. Vyote huzidishwa, havijumlishwi. Ndege inayohitaji mita 300 usawa wa bahari, ikiwa futi 3,000 juu, joto limezidi kwa nyuzi 10 na ardhi ni nyasi kavu, inahitaji mita 527. Zidisha kwa 1.33 kama akiba ya usalama, unapata 700.

Kabureta isiyojirekebisha kwa kimo inahitaji mchanganyiko upunguzwe mafuta kwenye viwanja vya juu, kwa kufuata kitabu cha injini. Kabureta za Bing za Rotax 912 hujirekebisha zenyewe.

Injini inapata joto kabla sijafika kimo. Nifanyeje?

Ziba kila upenyo unaoruhusu hewa kupita pembeni ya silinda au rejeta badala ya kupita katikati yake. Kisha tazama mlango wa kutokea, ambao wengi huusahau: hewa isiyopata pa kutokea haiingii. Mdomo mdogo chini ya boneti husaidia kuivuta. Wakati unatafuta suluhisho, panda kwa noti 5 hadi 10 juu ya Vy.

Mbinu ya rubani inaweza kuokoa mita ngapi?

Nyingi kuliko vifaa vingi. Acha ndege iongeze kasi kabla ya kuivuta. Karibu na ardhi, chini ya nusu ya urefu wa mabawa, ukinzani hupungua, na ndege huweza kuelea kwa kasi ambayo haiwezi kupanda nayo. Kaa hapo chini ukusanye kasi, kisha panda. Tumia Vx kama kuna kizuizi tu, na ukishakivuka rudi kwenye Vy. Na paa ukiukabili upepo: upepo wa nyuma unaofikia asilimia 10 tu ya kasi ya kuondoka unaongeza umbali kwa asilimia 20.

Niache kupaa nikifika wapi?

Weka alama pembeni mwa njia, kwenye nusu ya urefu wake. Ukifika hapo bila asilimia 70 ya kasi ya kuondoka, funga throtoli. Sababu ni mraba uleule: 0.7 mara 0.7 ni 0.49, yaani nusu ya mbio ndiyo inayokufikisha hapo kama mambo yako sawa. Amua kabla hujafungua throtoli, maana ukiwa mbioni akili hupenda kujipa matumaini.

Nikibadilisha kitu, lazima nianze majaribio upya?

Ndiyo, na kimoja kwa wakati. Ukibadilisha propela na kubandika vibati siku moja, hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekudhuru. Iarifu mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako pale sheria inapotaka, andika kwenye kitabu cha ndege, ruka peke yako kwanza, na kasi za stoli, Vx na Vy zipime zote tena. Kipimakasi nacho, kama umegusa bawa: kwa pembe mpya kinaweza kusoma vingine, na namba ulizoandika dashibodini mwaka jana zikawa si za ndege hii.